Urea, CAN au SA: mbolea gani kwa uwanja wa mpira wa Nakuru, na ipi kwa wa Kisumu?

Ingia agroveti yoyote mjini Nakuru useme unataka mbolea ya nyasi za uwanja, utaulizwa: "Ya kupandia au ya kukuzia?" Hilo ni swali la mahindi. Muuzaji hana kosa, maana wateja wake karibu wote ni watu wa mahindi na viazi. Mimi mara ya kwanza nilijibu, "Ya kukuzia, ile yenye nguvu zaidi." Nikauziwa urea, nikaondoka nikijiona mjanja.

Ilikuwa Februari, kiangazi kikali, na uwanja ni wa shule moja nje kidogo ya mji. Gunia nililifungulia kwenye duara la katikati kwa sababu ndipo mkokoteni ulipofika. Tukajaza ndoo, mimi na vijana wawili, tukamwaga kwa mkono kama watu wanaolisha kuku. Saa mbili asubuhi hiyo, umande ungali kwenye majani. Maji tuliyoahidiwa yalikuwa ya tangi, na tangi lilikuwa tupu. Siku ya nne mistari ya kahawia ilijitokeza palepale tulipopita, unaweza kuhesabu nani alitembea wapi. Pale gunia lilipofunguliwa pakabaki kipara cha ukubwa wa sufuria ya ugali ya shule. Kipara kile kilikaa miezi mitano, na wanafunzi wakakipa jina langu.

Tangu siku hiyo, asilimia ya naitrojeni iliyoandikwa kwenye gunia haiji kwanza. Kwanza nauliza maji yatatoka wapi. Pili, udongo wenyewe ni wa aina gani. Bei ni ya tatu, ingawa mweka hazina wa klabu atakwambia ni ya kwanza.

Tuanze na hesabu basi, tuimalize. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Kipimo ninachotumia kwa mmwago mmoja wa mbolea ya haraka ni gramu 3 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Ukifika 5 umefika mwisho, na zaidi ya hapo unachezea moto. Kwa uwanja mzima hizo gramu 3 ni kama kilo 21 za naitrojeni. Sasa ona kila mbolea inakudai nini:

| Mbolea | Naitrojeni | Naitrojeni kwa gunia la kilo 50 | Ya kumwaga uwanja mzima |
|---|---|---|---|
| Urea | 46% | kilo 23 | kilo 47 |
| CAN (kalsiamu amonia naitreti) | 26% | kilo 13 | kilo 82 |
| SA (salfeti ya amonia) | 21% | kilo 10.5 | kilo 102 |
| Kalsiamu naitreti | 15.5% | kilo 7.75 | kilo 138 |

Kwa hiyo gunia moja la urea linafanya kazi ya magunia mawili ya SA. Kumbe hapo ndipo mtego ulipo. Kilo 47 kwenye uwanja mzima ni gramu 6.5 kwa mita ya mraba, yaani vijiko viwili vidogo vya chai ambavyo hata havijajaa. Jaribu kutandaza vijiko viwili vya chai kwa mkono juu ya mita nzima, sawasawa, mara elfu saba. Mkono ukizidi kidogo umeunguza, ukipungua umeacha mstari wa manjano. Nikitumia urea bila mashine ya kusambazia, naichanganya na mchanga mkavu, ndoo moja ya mbolea kwa ndoo tatu za mchanga, nagawa mara mbili: nusu naimwaga nikitoka goli hadi goli, nusu nikivuka kutoka upande hadi upande. CAN inasamehe zaidi kwa sababu tu punje ni nyingi.

Urea na CAN: nani ana maji?

Urea ikiwa gunini bado si chakula cha nyasi. Kuna kimeng'enya kinachoitwa yurease, kimejaa udongoni na hasa kwenye lile godoro la mashina na majani makavu chini ya nyasi. Hicho ndicho huivunja urea kuwa amonia. Kazi hiyo ikifanyika ndani ya udongo, amonia inashikwa na udongo na mizizi inaipata. Ikifanyika juu ya godoro, jua linawaka, amonia inapaa. Utaijua kwa pua, ni harufu ya zizi la mbuzi lililofungiwa. Kila ukiisikia, ni shilingi zako zinazopita. Katika joto, juu ya udongo wa alikali (kinyume cha asidi), kupoteza robo ya naitrojeni si jambo la ajabu, na inaweza kuzidi hapo.

Dawa yake ni kuisukuma chini siku hiyohiyo kwa maji ya kama milimita 10. Inasikika ni kidogo mpaka uipigie hesabu: milimita 10 juu ya mita za mraba 7,140 ni lita 71,400. Bauza la lita 10,000 lije mara saba! Shule gani inayo hiyo? Ndiyo maana nasema urea ni mbolea ya mwenye mfumo wa kunyunyizia, au ya mwenye uhakika wa mvua jioni hiyo. Kakamega wakati wa mvua ndefu uhakika huo upo karibu kila siku. Mawingu hujikusanya baada ya saa nane, na kufikia saa kumi unakimbilia kibandani. Hapo mwaga urea mchana, nyasi zikiwa zimekauka, na mbingu zitakumalizia kazi. Lakini isiwe ile dhoruba ya kubomoa paa, kwa sababu mafuriko yanaibeba punje kabla haijayeyuka.

CAN ni mnyama mwingine. Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo mzizi unaichukua ilivyo, na nusu nyingine ni amonia iliyokwisha kushikwa kwenye chumvi. Haitegemei kimeng'enya, hivyo haipai kirahisi. Mvua ikichelewa siku tatu, punje zinakaa tu zikisubiri. Matokeo yanaonekana haraka pia, ndani ya wiki moja nyasi zimebadilika rangi. Kwa uwanja usio na maji ya bomba, na viwanja vingi kuanzia Molo mpaka Mumias ni hivyo, CAN ndiyo jibu langu hata ikiwa ghali zaidi kwa kila kilo ya naitrojeni.

Bei ilinganishe hivi: gawa bei ya gunia la urea kwa 23, la CAN kwa 13. Urea ikiuzwa chini ya mara 1.77 ya bei ya CAN, kwenye karatasi yenyewe ni nafuu. Lakini ukikadiria kwamba robo itapaa, zile 23 zinabaki 17 na kidogo, na kipimo kinashuka mpaka mara 1.3. Hesabu hii imeniokoa mabishano mengi ya kamati. Mbolea ya ruzuku ya NCPB, bodi ya nafaka ya taifa, usiipangie bajeti ya klabu, hiyo ni ya wakulima waliosajiliwa.

Na kwa kuwa mwaka 2024 mbolea bandia zilizua kelele Kenya nzima, kuna jaribio la glasi ambalo halina gharama. Tia kijiko cha urea ndani ya glasi ya maji, koroga. Urea halisi inayeyuka yote, maji yanabaki maangavu, na glasi inakuwa baridi mkononi kama soda iliyotoka kwenye friji. CAN nayo inapoza glasi, ila inaacha tope jeupe au la kijivu chini, kwa sababu ndani mna chokaa. Dondoshea tope hilo ndimu uone povu. Glasi isipopoa na chini kukabaki mchanga, rudi dukani na risiti yako.

Kasoro ya CAN ni kuvuta unyevu. Gunia lililofunguliwa Kisumu Jumatatu, Ijumaa ni jiwe lenye uji pembeni. Nunua ya mmwago mmoja tu, uimalize.

SA: dawa Nakuru, sumu Kakamega

Hapa ndipo watu wa Nakuru na wa Kakamega wasiigane kabisa. SA ina naitrojeni 21% na salfa 24%, chenga zake ni kama sukari, na ndiyo inayoongeza asidi udongoni kuliko zote zilizomo kwenye jedwali. Kila kilo ya naitrojeni itokayo kwenye SA inahitaji kilo 5.4 hivi za chokaa kufutwa asidi yake. Ikitoka kwenye urea, kilo 1.8. CAN inakuja na chokaa yake, kwa hiyo deni lake ni dogo.

Chukua uwanja wa Kakamega au Vihiga. Udongo ni mwekundu, mvua ya miaka mingi imeosha kalsiamu, na asidi tayari ipo. Ukiulisha gramu 15 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwaka, yaani mimwago mitano ya gramu 3, uwanja mzima unakula kama kilo 107. Ukitumia SA peke yake umejiwekea deni la takriban kilo 578 za chokaa kila mwaka, magunia 11 na nusu. Kwa urea ni kilo 193, chini ya magunia manne. Sijaona kamati ya uwanja inayonunua magunia 11 ya chokaa. Wanachofanya ni kuongeza mbolea wakiona nyasi zimedumaa, na kila gunia linaongeza ugonjwa.

Rudi Nakuru sasa, upande wa kushuka ziwani. Udongo ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, na sehemu nyingine una magadi. Maji ya visima yana baikaboneti, kwa hiyo kila unapomwagilia unapandisha alikali. Kwenye udongo wa namna hiyo chuma kipo lakini kimefungiwa, mzizi haukifikii. Nyasi zinakuwa za manjano, mtunza uwanja anaongeza CAN, manjano yanabaki. Tofautisha hivi: inama, chomoa shina moja. Majani ya zamani, ya chini, yakitangulia kuwa ya manjano, ni naitrojeni inayokosekana. Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, ni chuma. Kwa uwanja wenye dalili hiyo ya pili SA ndiyo mbolea yangu, maana asidi yake ndogo ya kila mmwago inafungua chuma kilichofungwa. Ila imwagiliwe maji, kwa sababu juu ya alikali hata SA hupoteza amonia. Ukiwa na haraka ya mechi, nyunyiza salfeti ya chuma kidogo kwa pampu ya mgongoni. Rangi inarudi bila nyasi kurefuka. Epuka tu njia za saruji na kuta zilizopakwa rangi, inaacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Bila kupima udongo, haya yote ni kubahatisha. Chota kwenye sehemu kumi na tano hivi za uwanja, sentimita 10 chini, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo maabara. Ni bei ndogo kuliko gunia moja lililokosea njia.

Kisumu: udongo mweusi kabla ya mbolea

Nilipohamia Kisumu nilijua kila kitu, hivyo nilivyodhani. Uwanja wa kwanza nilioitwa kuutazama ulikuwa upande wa Kano, udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi hadi kiatu kinaingia na unaobeba maji masika kama karai. Nyasi zilikuwa za manjano ya kusikitisha. Nikashauri CAN, gunia moja na nusu. Mtunza uwanja wa pale, mzee ambaye wote tulimwita Jaduong', hakunijibu. Alichukua panga, akakata kipande cha udongo kama keki, akanishikisha.

"Nyathina (mwanangu), nusa."

Kilinuka yai viza. Mizizi ilikuwa sentimita mbili tu, na chini yake tabaka jeusi lenye utelezi.

"Sasa hiyo mbolea yako ataila nani?"

Sikuwa na jibu, naye hakulihitaji. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na vijidudu vinavyokosa oksijeni huichukua ile ya kwenye naitreti na kuigeuza naitrojeni kuwa gesi. Nusu ya CAN ni naitreti, kalsiamu naitreti karibu yote. Kumwaga mbolea hizo kwenye uwanja uliotuama ni kuzirudisha angani. Tulichofanya ni kutoboa mashimo kwa uma za shambani, kujaza mchanga, na kuchimba mtaro nyuma ya goli la upande wa chini. Mbolea ilikuja wiki tatu baadaye, nayo ilikuwa urea kidogo, gramu 2 tu za naitrojeni kwa mita, kwa sababu amonia hushikwa vizuri na mfinyanzi. Mvua ndogo ya jioni ilitusaidia.

Sehemu za Kisumu zenye mwinuko na udongo wa changarawe ni afadhali, huko fuata kanuni za CAN kama kawaida. Lakini usimwage kabla ya mvua kubwa: maji yote yanaelekea ziwani, na gugumaji halihitaji msaada wetu.

Zile nyingine, kwa haraka

Kalsiamu naitreti ni mbolea ya wenye nyanya na maua. Ni safi, haiongezi asidi, na inafanya kazi haraka hata kwenye baridi ya Molo. Lakini kilo 138 kwa mmwago mmoja! Ninaitumia golini tu, mita chache pale kipa anapochimba.

DAP na NPK 17-17-17, mbolea zenye fosforasi, acha kwa siku ya kupanda nyasi upya, ambapo fosforasi hiyo ina kazi ya kukuza mizizi, hasa udongo mwekundu wa magharibi ambao huishika fosforasi na kuinyima mimea. Uwanja uliokomaa hauna haja nayo kila mwaka.

Samadi ina naitrojeni chache, na ile mbichi inaleta mbegu za magugu yote ya kijiji. Iliyooza vizuri na kuchekechwa, ikachanganywa na mchanga, ni nzuri kwa udongo mwepesi wa Nakuru usioshika maji. Ihesabu kama matengenezo ya udongo, naitrojeni utafute kwingine.

Mbolea za kuachia polepole, urea iliyovikwa salfa au plastiki, ni anasa ya viwanja vya gofu, na si anasa mbaya: unamwaga mara mbili au tatu kwa mwaka na hatari ya kuunguza inapungua sana. Ujue tu kwamba miezi iliyoandikwa kwenye mfuko imepimwa kwa joto maalumu, na zile za plastiki huachia kwa kasi zaidi joto likipanda. Za miezi minne zinaweza kuisha mapema Kisumu, na zikakaa zaidi Nakuru.

Nyasi zenyewe

Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, ni makao ya nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu. Zinapenda naitrojeni kupita kiasi. Ukizishibisha zinajenga godoro nene, kiatu cha njumu kinakosa cha kushika na wachezaji wa raga wanabandua vipande kama zulia. Kwa hizo mimi hubaki gramu 10 hadi 15 kwa mwaka. Kisumu chini, kwenye mita 1,130, ukoka ndio mfalme. Unatambaa, unaziba vidonda haraka, na uwanja unaochezewa kila wikendi unaweza kula hadi gramu 20. Ukiacha vipande vilivyokatwa vianguke palepale badala ya kuvizoa, unarudisha sehemu nzuri ya naitrojeni bila senti, ilimradi unakata mara kwa mara na vipande ni vifupi.

Wiki ya mechi kubwa usimwage naitrojeni yoyote. Jani laini lililonyweshwa naitrojeni jana ndilo la kwanza kusagika. Wiki tatu kabla inatosha.

Kwa hiyo ukinipigia simu leo: shule ya Nakuru isiyo na maji, nakwambia CAN, Aprili mvua ikishika na tena Novemba. Klabu ya Nakuru yenye kisima na nyasi za manjano juu, SA. Kakamega, CAN na chokaa, au urea siku ya mvua ukiwa na mkono mzuri. Kisumu kwenye udongo mweusi, lete panga kwanza.

Jambo moja ambalo halihusu nyasi. Viwanja vyetu vina ng'ombe wa jirani, hata kukiwa na ua. Urea iliyomwagika hulambwa kama chumvi, na tumboni mwa ng'ombe inageuka amonia haraka kuliko ini linavyoweza kuisafisha. Anaanza kutetemeka na kuvimba, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo fungua gunia kwenye turubai, nje ya uwanja, fagia punje zilizobaki, na yale magunia matupu usiyaache yakining'inia kwenye goli.